Kadi ya Manjano na Tangi la Pili

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua wiki iliyopita niliwaachia wapi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ofisini kwa Bi Ruwaida, Changamwe, mikono nimeibana katikati ya magoti, nangoja kusikia kama nimepata kazi au narudi nyumbani na balaa jingine.

Kwa anayeanza leo: mimi naitwa Kenga. Nimeendesha malori ya watu miaka kumi na tisa. Mizigo ilipohamia kwenye reli, tajiri wangu akapunguza madereva, nami nikapunguzwa. Nikachukua malipo ya kuachishwa, nikaongeza na kipande cha shamba la minazi ambacho mama yangu, Dama, alikubali kiuzwe, nikanunua kichwa cha lori kikuukuu. Tangu siku hiyo nimezika giaboksi mbili, nimetapeliwa na mshirika niliyemwamini, na miezi minne lori limesimama Chaani, kuku wa jirani wakitagia chini yake.

Basi Bi Ruwaida akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Nilitamani kumwomba aharakishe.

"Nakupa safari tatu," alisema. "Tatu za kukujaribu. Mbolea, kutoka hapa mpaka Malaba. Trela langu, kichwa chako. Zote zikifika kwa wakati, nakuandikia mkataba wa mwaka mzima. Moja ikichelewa, au nikisikia umeuza hata kikombe kimoja cha mafuta yangu, mimi na wewe hatujuani."

"Nimekubali, Bi Ruwaida."

"Sikiza kwanza, mbona una pupa? Mimi pesa za mafuta simpi dereva mkononi. Nimechoka kuibiwa. Nenda katafute kadi ya mafuta, yoyote uitakayo, kwa jina lako na kwa gari lako. Pesa za safari nitazitia mimi humo ndani ya kadi. Ukitia mafuta, na mimi napata ujumbe kwa simu yangu. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Ijumaa nataka kuiona hiyo kadi."

Nilitoka pale natembea kwa madaha kama bwana harusi. Mkataba wa mwaka! Mama angelipwa shamba lake, mke wangu Rispa angepumzika kukaanga viazi juani, na lori lingeacha kuwa kitanda cha kuku. Kilichobaki ni kuchagua kadi. Kazi gani rahisi kuliko hiyo?

Siku zile madereva wa Changamwe walikuwa wakibishania kadi mbili. Majina ya wenyewe siyataji, kesi ninazo za kutosha. Moja ilikuwa ya buluu, nyingine ya manjano.

Ya buluu haikuwa na utamu wowote. Bei ya pampu ni ile ile analipa kila mtu. Ila vituo vyake viko njia nzima, kutoka Miritini hadi mpakani, huwezi kwenda saa mbili bila kukiona kimoja.

Ya manjano ilikuwa na punguzo kwa kila lita. Ilikuwa na bafu la maji moto kwa dereva, na chai, na chapati mbili. Vituo sasa. Ukishapita Mtito Andei hukioni kingine hadi uvuke Nakuru, na kwa lori kama langu, lenye njaa mlimani, hapo katikati ni mbali.

Rispa anauza viazi karai na chai kwenye geti la maegesho ya malori. Madereva humwambia mambo wasiyowaambia wake zao. Nilimkuta akikoroga unga, nikamweleza habari za kadi mbili.

"Chukua ya buluu, Baba Lavender," alisema, hata hakuinua kichwa.

"Haina punguzo."

"Wote wanaokula hapa wana ya buluu. Mafuta yakikuishia kule porini, hilo punguzo utalimimina kwenye tangi?"

"Nimekuwa barabarani tangu wewe uko shule."

"Sasa unachagua kadi ama chapati? Chapati hata mimi nakupikia."

"Wewe kaanga viazi," nikamwambia. "Malori niachie mimi."

Akarudi kwenye unga wake. Wateja wake wawili wakatazama pembeni. Neno lile nikilikumbuka nasikia haya mpaka leo, maana mwanamke yule alikuwa ameshika ukweli mkononi na mimi nilijua.

Naam, nilijua. Niliahidi kwamba humu sitaficha kitu, basi niseme.

Sikuikataa kadi ya buluu kwa sababu ya punguzo. Niliikataa kwa sababu wale watu wa buluu, kabla hawajakupa kadi, humtuma fundi wao na futi. Analala chini ya gari, anapima tangi urefu na upana, anapiga picha, anaandika. Wanataka kujua gari lako linabeba lita ngapi, usije ukajaza mitungi ukasema umejaza tangi. Wale wa manjano hawana habari hizo. Wanakupa fomu, unajaza mwenyewe, wanakuamini.

Na chini ya gari langu kulikuwa na kitu ambacho sikutaka kipigwe picha. Lilikuwa tangi la pili.

Tangi la kwanza, la lita mia nne, nililinunua pamoja na kichwa. La pili, la lita mia tatu, niliuziwa na Menza. Menza ni ndugu mdogo wa Rispa, fundi wa kuchomelea pale Chaani, mikono yake ina akili kuliko kichwa chake. Alilileta asubuhi moja kwenye mkokoteni, amelifunika kwa turubai, na kufika adhuhuri alikuwa ameshalifunga upande wa kushoto na kuliunganisha bomba. Aliniuzia bei ya kutupa. Risiti haikuwepo, na mimi sikuiulizia.

Rispa alifurahi sana siku ile. Alimpikia nduguye wali wa nazi na samaki, akawatangazia majirani kwamba Menza amemtilia shemejiye tangi zima kwa bei ya kindugu.

Basi nikaenda kwa wakala wa kadi ya manjano. Alikuwa mama mmoja mchangamfu mwenye kibanda cha mwavuli karibu na kituo cha Miritini. Akanipa fomu na kalamu. Jina, kitambulisho, namba ya gari. Halafu mstari wa ukubwa wa tangi.

Nikaandika: 400.

"Ni moja tu?" akaniuliza. "Wengine huwa na mawili."

"Moja."

"Uandike kweli, baba, maana mashine haina masihara."

"Moja, mama. Kwani unaniona na trela la maji?"

Akacheka, akagonga muhuri. Ijumaa nikaipeleka kadi kwa Bi Ruwaida. Akaigeuza huku na huku, akasema rangi yake mbaya lakini hana neno.

Safari ya kwanza nilijaza tangi kubwa kwa kadi, na lile la pili nikalitilia dizeli kwa pesa zangu za mfukoni, kidogo zilizokuwa zimebaki. Nikafika Malaba salama. Nikaoga maji moto. Nikala chapati mbili na kumtumia Rispa picha ya chapati, kumkera tu.

Safari ya pili mfuko ulikuwa mkavu. Nikaenda na tangi moja. Mlima mmoja, mlima wa pili, foleni ya ajali iliyonisimamisha injini ikinguruma, na kabla sijafika kile kituo cha manjano cha ng'ambo ya Nakuru gari likakohoa, likatulia. Vituo vya buluu nilikuwa nimevipita vinne. Cha tano kilikuwa mbele yangu, nakiona taa zake, na kadi ya manjano pale haina maana kuliko kipande cha ukili wa mkeka. Nikanunua dizeli ya mitungi kando ya barabara kwa watu ambao hata nyuso zao hawakutaka nizione, nikaahidi kuwalipa nikirudi, nikawaachia tairi la akiba.

Nilifika saa moja tu kabla ya muda kwisha.

"Saa moja, Kenga," Bi Ruwaida aliniambia kwenye simu. "Umeniponyoka kwa saa moja. Ya tatu usinifanyie hivi."

Ndipo nikakata shauri. Ya tatu ndiyo ya mwisho, ndiyo yenye mkataba. Nitajaza matangi yote mawili kwa kadi, hapa hapa Miritini, nisimame barabarani kwa kukojoa tu.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mbolea iko juu ya trela, turubai limekazwa, stakabadhi zote ziko kwenye bahasha. Nikasimama kwenye pampu ya dizeli. Mhudumu alikuwa msichana wa bara, beji yake imeandikwa Faith.

"Jaza, dada. Hili na hili."

"Yote mawili, mzee? Ni full?"

"Mpaka shingoni."

Pale kituoni malori yakiwa mengi hupampu kwanza, kadi hupitishwa mwisho. Faith akajaza kubwa, lita mia tatu na themanini. Akavuta mpira hadi upande wa kushoto, akatia lita mia mbili na sabini. Akafuta mikono, akachukua kadi, akaipitisha kwenye kimashine chake.

Kimashine kikalia.

"Mzee, imekataa."

"Jaribu tena. Mtandao huo."

Akajaribu. Kikalia tena.

"Ipanguse," nikasema. "Labda ina mafuta."

Akaipangusa kwenye suruali, akajaribu mara ya tatu. Safari hii kikalia kwa muda mrefu. Faith akasoma, akanitazama.

"Imeandika kadi imefungwa. Ati lita zimezidi tangi."

Nyuma yangu malori matatu yakaanza kupiga honi.

"Basi yatoe mafuta yako," nikamwambia. "Yanyonye, uyarudishe, niondoke."

"Mzee, mafuta ikishaingia kwa gari hairudi kwa pampu. Wacha nikae na funguo, tafadhali. Hii ikipotea ni mimi nakatwa mshahara."

Akaninyang'anya funguo kwa adabu zote. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Nilibonyeza moja kwa Kiswahili, nikabonyeza mbili kwa madereva, nikabonyeza nne kwa matatizo mengine, nikapigiwa muziki wa zumari hadi nikaanza kuuimba. Mwisho sauti ya kijana ikatoka.

"Bwana Kenga, mfumo umeona lita mia sita na hamsini kwa tangi la lita mia nne. Huo unahesabiwa ni wizi mpaka ithibitike vinginevyo. Kadi imefungwa kwa saa sabini na mbili."

"Nina matangi mawili!"

"Kwenye fomu umeandika moja."

"Basi andika la pili sasa hivi."

"Hakuna shida. Tutumie picha ya tangi, na risiti uliyonunulia."

Nikakata simu. Risiti! Mtu anaweza kusomeshwa akafika kazi ya ofisini, ajifunze adabu zote za simu, kisha akaja kukudai kitu kimoja tu ambacho huna duniani.

Kabla sijaitia simu mfukoni ikalia. Bi Ruwaida.

"Kenga." Hakunisalimia. "Nimeletewa ujumbe hapa. Lita mia sita na hamsini. Gari lako lina lita mia nne, wewe mwenyewe umeandika kwa mkono wako. Hizi nyengine umezitia wapi? Kwenye mitungi?"

"Hapana, wallahi." Mimi ni Mkristo, lakini hofu haina dini. "Ziko kwenye gari, Bi Ruwaida."

"Wapi kwenye gari? Kitini?"

"Kuna tangi la pili."

Nikasikia akivuta pumzi.

"Na mbona hukuliandika?"

"Nilisahau."

"Mtu husahau tangi? Nakuja hapo. Nakuja na Mzee Khatibu apime. Likiwepo na mafuta yamo, tutasema mengine. Lisipokuwepo, usiningoje, kimbia kabla sijafika."

Sasa nielewe, msomaji, nilivyosimama pale. Kitu kimoja tu ndicho kingenisafisha na wizi wa dizeli, nacho ni lile tangi. Na ulimwengu mzima hakuna kitu nilichotaka kifichike zaidi ya lile tangi. Nilifikiria hata kukiri kwamba nimeuza mafuta. Nilipima akilini, mwizi wa hiki au mwizi wa kile, nikaona kote nimeumia.

Tuktuk ikaingia kituoni, Rispa akashuka na aproni yake, mikono ina unga. Dereva mmoja alikuwa amempelekea habari kwamba mumewe amekamatwa Miritini.

"Umekamatwa?"

"Sijakamatwa. Rudi nyumbani, Mama Lavender."

"Tatizo ni nini?"

Faith akamweleza. Rispa akasikiliza, kisha akapiga makofi mara moja kwa mshangao.

"Ndiyo hayo tu? Si tangi lipo? Si ni lile la Menza? Waonyeshe watu wapime, uende zako! Mbona umesimama kama aliyefiwa?"

"Nakuomba urudi nyumbani."

"Sirudi. Ya pili iliponea chupuchupu, hii ya tatu nitaiona ikiondoka kwa macho yangu."

Angekuwa amenitukana ningevumilia. Alikuwa ananitetea.

Gari la Bi Ruwaida likafika. Akashuka yeye, na nyuma yake Mzee Khatibu, fundi mkuu wa gereji ya kampuni kule Jomvu, mzee mwembamba mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na kijiti cha kupimia mafuta kwapani. Sikuwahi kukutana naye, maana safari zote tatu nilipakilia ghalani, sikufika gereji.

"Shikamoo, Mzee Khatibu."

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi hilo tangi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema bismillahi, akafungua kifuniko, akatumbukiza kijiti, akakitoa, akakitazama kwa jua. Akakifuta kijiti, akapima tena.

"Mia mbili na sabini," akasema. "Haikupungua hata kijiko."

Bi Ruwaida akalizunguka gari, akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa ameanza kutabasamu, na mimi sijawahi kumwona akitabasamu.

"Kenga, nimekuja hapa nimeshakata shauri. Njiani nilikuwa namwambia mzee nani atachukua nafasi yako. Kumbe wewe si mwizi. Wewe ni mjinga wa fomu tu."

"Mjinga kabisa," Rispa akadakia. "Mimi nilimwambia achukue ya buluu."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, machozi yakinilengalenga. Bi Ruwaida akamlipa Faith kwa simu ya kampuni, akasogea mbali na pampu kwanza kwa sababu Faith alimkataza kutumia simu hapo. Faith akanirudishia funguo. Saa nne na nusu. Nilikuwa bado na muda wa kutosha, mafuta ya kutosha, na mkataba uko mbele yangu wazi kama barabara ya Mazeras Jumapili.

Nikaweka mguu kwenye kipandio.

"Ruwaida," Mzee Khatibu aliita. Hakuwa amesimama. Bado alikuwa amechuchumaa kando ya tangi, anapapasa chini yake kwa kiganja. "Hebu inama, mwanangu."

"Kuna nini?"

"Tia mkono hapa. Unapata kitu?"

Bi Ruwaida akainama, akatia mkono. "Kama kiraka."

"Cha pembe tatu." Mzee akatoa funguo zake mfukoni, akaparuza rangi nyeusi, ikabanduka kwa vipande. "Nilikosa bati la mraba siku ile, nikakata hili. Kiraka hiki nimekitia mimi kwa mkono wangu. Lori nambari saba, liligongwa na chuma pale Mazeras."

"Nambari saba ndilo lililoibwa tangi."

"Ndilo."

"Lile nililomfukuzia Kadenge."

"Ndilo hilo, mwanangu."

Bi Ruwaida akasimama wima taratibu, akijipangusa mkono. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Rispa, kama anayetaka mtu mwenye akili amsikilize.

"Kadenge alikuwa dereva wangu miaka minane," alisema. "Alisimama Jomvu kungoja zamu ya kupakia, usingizi ukamchukua, akaamka tangi halipo. Nikamwambia ameliuza. Akaniapia, akalia mbele yangu, sikumwamini. Sasa anapasua mawe Mwakirunge." Kisha akanigeukia. "Ulilitoa wapi hili, Kenga?"

Nilijaribu kukumbuka uongo wowote, nilioutunga siku nyingi kwa ajili ya siku kama ile, sikuupata hata mmoja.

Akajibu Rispa.

"Hilo alitiliwa na ndugu yangu, Menza. Ni fundi hapo Chaani." Kifua chake kilikuwa mbele, anasema kama shahidi aliyeitwa na wakili wake mwenyewe. "Labda na yeye aliuziwa. Sisi hatuna la kuficha, mama. Ngoja nimpigie aje aeleze."

"Rispa," nikasema.

"Ngoja."

"Rispa, acha hiyo simu."

Lakini alikuwa ameshabonyeza, na ili watu wote waridhike akaiweka kwenye spika, akainyoosha mbele kwa mkono wenye unga. Ikaita mara mbili.

"Dada," ikasema sauti ya Menza.

"Menza, niko Miritini na shemeji yako. Lile tangi ulilomtilia, wenyewe wanauliza ulilipata wapi. Sema tu, tunakusikia wote."

"Wote nani?"

"Wenye kampuni. Sema haraka, watu wana safari."

Tukasikia mtu akigonga chuma huko karakana, kisha mlango ukafungwa na ile nyundo ikafifia.

"Dada, mimi sitaingia shimoni peke yangu," Menza akasema. "Shemeji ndiye aliyenionyesha lile gari."

Nilitaka kupiga kelele kwamba anadanganya. Hakuwa akidanganya.

Niliwaambia pale juu kwamba Menza alileta tangi na mimi sikuulizia risiti. Hiyo ni kweli, ila ni kweli nusu, na nusu ya pili nimeogopa kuiandika hadi sasa. Wiki mbili kabla ya siku ile ya mkokoteni, tulikuwa mimi na Menza Jomvu, tumesimama kivulini tunakula mahindi. Malori yamepanga foleni. Mbele yetu kuna moja, dereva amelala mguu uko nje ya dirisha. Nikamwonyesha Menza kwa kigunzi. Nikasema, ona tangi zuri lile, ona na mwenyewe alivyolala, mtu mwenye spana atakosaje tangi katika mji huu? Tukacheka. Nilikuwa natania. Mpaka leo najiambia nilikuwa natania. Lakini turubai lilipofunuliwa niliona kiraka cha pembe tatu, na kopo la rangi nyeusi nilikwenda kulinunua mimi, nikapaka mimi, Menza akiwa ndani anakula wali wa nazi.

"Muulize," sauti ya Menza ilikuwa ikiendelea. "Muulize rangi alipaka nani."

Rispa akaizima simu. Mkono wake ulibaki vile vile mbele, umenyooka.

"Rangi alipaka nani, Baba Lavender?"

Honi zilikuwa zimenyamaza. Faith alikuwa ameshika mpira wa pampu hautii popote. Nikatazama chini.

Bi Ruwaida hakunitukana. Heri angenitukana. Alinisogelea, akafungua vidole vyangu kimoja kimoja, akachukua funguo za gari langu, gari la minazi ya mama yangu, akazitia kwenye mkoba.

"Mzee Khatibu," alisema, "mbolea inaondoka leo. Kalete kichwa kingine gereji. Halafu mpigie Kadenge, mwambie aje hapa kituoni. Mwambie nimesema mimi, aje na leseni yake."

"Nimwambie kuna nini?"

"Usimwambie kitu."

"Polisi je?"

"Atakavyosema Kadenge."

Nikamgeukia mke wangu. "Twende nyumbani, Rispa. Nitakueleza yote, moja moja."

"Nyumbani kufanya nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo, imekauka. "Mimi nimemwita ndugu yangu kwa mdomo wangu mbele za watu, na wewe umesimama hapo unaniangalia. Utamngoja huyo mtu hapa hapa. Umwambie mwenyewe, na mimi nikisikia."

Kutoka Mwakirunge hadi Miritini ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Rispa akafungua aproni, akaikunja, akaburuta ndoo ya mchanga wa kuzimia moto hadi kando ya gurudumu la mbele, akaketi juu yake akitazama barabara, na mimi akanionyesha nikae chini.